Mgawo Usiomwacha Hata Mmoja: Somo la Seli kwa Atakayesimamia Mirathi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyekipa kila kitu umbo lake na kipimo chake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, maswahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

 

Wengi wetu hapa chuoni ni wa kwanza kufika chuo kikuu katika koo zetu. Maana yake ni kwamba siku mzee akifariki nyumbani, simu itakuja kwako. Hata kama unasomea uhasibu au kilimo, utaambiwa: "Wewe ndiye uliyesoma, njoo utusaidie kugawa." Kutakuwa na kibanja, migomba, nyumba mbili za kupangisha, pengine pikipiki na ng'ombe wawili. Kutakuwa na mjane, na watoto wa mama tofauti, na baba mdogo mwenye sauti nzito. Nataka tujiandae kwa siku hiyo, na darasa letu la leo litaanzia mahali padogo kuliko ncha ya sindano, ndani ya seli inayogawanyika.

Katika Suratudh Dhariyat, aya ya 20 na 21, Mwenyezi Mungu anatuelekeza kwenye ishara zilizo ardhini na zilizo ndani ya nafsi zetu, kisha anatuuliza kwa nini hatutazami. Hilo ni agizo la kutazama. Sisemi kwamba aya hiyo inataja seli, wala sipendi mtindo wa kuifungamanisha Qur'ani na kila ugunduzi wa maabara, kwa sababu vitabu vya maabara hubadilika kila toleo na Qur'ani haibadiliki. Ninachosema ni kwamba tumeamrishwa kutazama, na mwenye kutazama kwa adabu hupata mazingatio.

Basi tutazame.

Kiunzi kinachojengwa na kubomolewa

Mwili una kiunzi cha mifupa. Seli nayo ina kiunzi chake, isipokuwa hicho hakikai kama mfupa. Kinafanana zaidi na turubai la msibani, ambalo vijana husimamisha nguzo zake asubuhi, na shughuli ikiisha nguzo zilezile huchomolewa na kupelekwa penye kazi nyingine. Kiunzi cha seli kina nyuzi za aina tatu, na katika kugawanyika mbili ndizo zenye kazi kubwa. Ya kwanza ni mikrotubuli, mirija iliyo wazi katikati, inayojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Upana wa mrija mmoja ni takriban nanomita 25, maana yake ukiipanga mirija 40,000 ubavu kwa ubavu utapata milimita moja. Ya pili ni aktini, nyuzi nyembamba zaidi, za nanomita 7 hivi.

Mwanasayansi wa Kijerumani Walther Flemming alitazama seli za salamanda, mnyama wa jamii ya vyura, akaziona kromosomu zikijipanga na kutengana. Mwaka 1882 alichapisha kitabu juu ya jambo hilo, na yeye ndiye aliyelipa jina la mitosisi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi.

Kila seli ya kawaida ya mwili wako ina kromosomu 46, ambazo ndani yake mna maelekezo yote ya ujenzi wa mwili. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu hunakiliwa. Sasa kuna jozi 46 za pacha, jumla 92, na kila pacha ameshikamanishwa na mwenzake kwa pete za protini iitwayo kohesini. Kazi iliyobaki ni moja, nayo ni nzito: kila seli binti ipate pacha mmoja kutoka kila jozi, asizidi wala asipungue.

Hapo ndipo kiunzi kinapobomolewa. Mirija iliyokuwa imetandazwa kila upande wa seli huvunjwa, na tubulini yake hutumika kujenga mtambo mpya uitwao spindeli. Mtambo huu una ncha mbili, moja kila upande, na kutoka kila ncha mikrotubuli huchipuka kuelekea katikati kama kamba zinazorushwa.

Kamba zinazopapasa gizani

Kamba hizi hazijui kromosomu iko wapi. Mwaka 1984, Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba mikrotubuli haitulii. Hurefuka, kisha ghafla huporomoka na kufupika, kisha hurefuka tena. Kwa tabia hiyo spindeli huweza kupapasa kila upande. Mrija uliotoka bure huporomoka na mwingine hurushwa. Mrija uliogusa kromosomu mahali panapostahili hushikwa na kudumu. Mahali hapo panaitwa kinetokora, kishikio kilichojengwa juu ya kila pacha. Kwa binadamu, kishikio kimoja hushikwa na mirija 20 hivi.

Sasa zingatia jambo hili. Pacha wawili wakishikwa kwa usahihi, mmoja huvutwa na ncha ya upande huu na mwenzake na ncha ya upande ule. Kwa kuwa bado wameshikamanishwa na kohesini, mvuto wa pande mbili huzaa mkazo, kama kamba inayovutwa na timu mbili zenye nguvu sawa. Mkazo huo ndio dalili ya usahihi. Ikitokea pacha wote wawili wamenaswa na upande mmoja, hakuna wa kuvuta upande wa pili, kwa hiyo kamba inalegea. Seli hutambua ulegevu huo, hukiachia kishikio, na kupapasa huanza upya.

Kwa hiyo ndani ya seli utulivu si dalili ya haki. Mahali palipolegea ndipo palipokosewa.

Hata mmoja akibaki

Chukulia jozi 45 zimeshashikwa vizuri pande zote mbili na moja bado haijashikwa. Je, seli itasema wengi wape? Haisemi hivyo. Kishikio kilichobaki bila kamba hutoa ishara ya kemikali inayosambaa ndani ya seli, maana yake: bado. Jozi 45 zilizo tayari husubiri moja iliyobaki.

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Xiaotong Li na Bruce Nicklas, walilijaribu jambo hili katika seli za uzazi za vunjajungu dume. Kromosomu ikiwa imevutwa na upande mmoja tu, seli hukaa saa nyingi bila kugawanyika. Wao walichukua sindano nyembamba ya kioo, wakaivuta ile kromosomu kwa upole upande wa pili ili ipate mkazo. Seli ikagawanyika baada ya takriban saa moja. Ilichokuwa ikingoja ni kwamba aliyeachwa naye avutwe.

Mwaka huohuo timu ya Conly Rieder, pia huko Marekani, ilifanya jaribio la kinyume chake. Badala ya kukishika kishikio cha mwisho kilichobaki bila kamba, walikiunguza kwa miale ya leza. Haki haikupatikana, kwa maana kromosomu ile ilikuwa bado haijashikwa ipasavyo. Lakini sauti ya kusema "bado" ilikuwa imeuawa, na seli ikaendelea kugawanyika.

Nakuomba msomaji uliweke jaribio hilo akilini. Tutalihitaji.

Kishikio cha mwisho kikishashikwa, ishara huzimika. Hapo protini iitwayo separasi huachiliwa, nayo hukata pete za kohesini kama mkasi. Pacha huachana kwa pamoja na kuvutwa kila mmoja upande wake. Baada ya hapo ndipo zamu ya aktini inapofika. Nyuzi zake, pamoja na miosini, protini ya aina ileile inayokunja misuli yako, hufanya mshipi kiunoni mwa seli, na spindeli ndiyo inayoonyesha mshipi ukae wapi. Mshipi hukazwa kama kamba ya suruali hadi seli moja inakuwa mbili. Tazama utaratibu wake: kunakili, kushika, kuhakikisha, kutenganisha, na mwisho kabisa kukata. Mwenye kisu anaingia mwisho.

Utaratibu ukivurugika, madhara yake ni makubwa. Seli nyingi za saratani hukutwa na hesabu mbaya ya kromosomu. Na hapa kwetu Uganda jambo hili si la mbali. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Saratani hiyo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kubwa kabisa. Moja ya dawa zake ni vinkristini, inayotokana na ua dogo lenye asili ya Madagaska ambalo watu hulipanda uani kama pambo. Vinkristini huishika tubulini na kuzuia kamba zisijengeke. Kamba zisipokuwepo, kromosomu hazishikwi, ishara ya "bado" haizimiki, na seli nyingi za saratani hufa zikiwa zimekwama hapohapo. Yaani tabibu anaitegemea ile subira ambayo Muumba aliiweka ndani ya seli, imsaidie kumtibu mtoto.

Mabinti wawili wa Sa'd

Sasa turudi kwa binadamu, ambaye hakulazimishwa kama seli. Yeye amepewa hiari na ataulizwa.

Sa'd ibn al-Rabi' (R.A.) alikuwa Answari wa Madina. Mtume (S.A.W.) alipounganisha udugu kati ya Muhajirina na Answari, yeye aliunganishwa na Abdur-Rahman ibn Auf, na akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Mtu huyo aliyekuwa tayari kuikata mali yake nusu kwa nusu kwa ajili ya mgeni kutoka Makka aliuawa shahidi katika vita vya Uhud. Akaacha mjane na mabinti wawili.

Jabir ibn Abdillah (R.A.) amesimulia, katika hadithi iliyopokelewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba mjane yule alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akiwa na mabinti zake. Akaeleza kwamba ami yao ameichukua mali yote, hakuwaachia kitu, na wasichana wasio na kitu hawatapata wa kuwaoa. Mtume hakukata kwa rai yake. Alimwambia kuwa Mwenyezi Mungu atalitolea hukumu jambo hilo. Kisha ikateremka aya ya mirathi katika Suratun Nisaa, na hapo Mtume akatuma kwa ami wa wasichana: wape mabinti theluthi mbili, mpe mama yao thumuni, kinachobaki ni chako.

Tupige hesabu. Mali ikigawanywa mafungu 24, mabinti wanapata 16, mama 3, na ami 5. Ami hakunyimwa. Alikuwa na haki yake ya mafungu 5, ila alikuwa ameyavuta yote 24 kwa sababu upande wa pili hapakuwa na mwanamume wa kuvuta. Kamba ilikuwa imelegea, na huenda watu waliokuwa pembeni waliona mambo yametulia. Mjane mmoja akasema "bado", na sauti yake ikasikilizwa.

Huenda mwenzangu akauliza: seli hugawa sawa kwa sawa, mbona mirathi si sawa kwa sawa? Seli inagawa pacha walio nakala moja, kwa hiyo haki yao ni kulingana. Mirathi inagawa mafungu ambayo Mwenyezi Mungu ameyapanga mwenyewe, kila mmoja kwa nafasi yake na majukumu yake. Hesabu za mafungu hazifanani. Kinachofanana ni kwamba katika hali zote mbili hesabu haikuachiwa matamanio ya anayevuta.

Kikao kilichotulia

Ndugu zangu, katika vikao vyetu vya baada ya matanga, dhuluma mara nyingi haina kelele. Ami anasema, "Sisi hatuna ugomvi, kila kitu kibaki kwa mtoto mkubwa." Wazee wanatikisa vichwa. Mjane ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, hajasema neno. Dada walioolewa mbali hawakuitwa. Kikao kinafungwa kwa dua na watu wanasifu umoja wa ukoo.

Huo ni ulegevu wa kamba iliyovutwa upande mmoja. Kanuni ya mafakihi ni kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Ukimya wa mjane si hati ya kuacha thumuni yake, wala aibu ya dada yako si hiba. Na pale anapothubutu kusema, kisha akaambiwa kwamba mwanamke mwenye heshima hadai mali kaburi likiwa bichi, basi hilo ndilo jaribio la leza. Haki haijatimia, ila sauti iliyokuwa ikisema "bado" imeunguzwa, na mgawo unaendelea kana kwamba kila kitu ki sawa.

Tusiogope mkazo. Watu wa familia wakivutana kwa hoja huku wameshikamana kwa udugu na uchamungu, mvutano huo si fitina. Ndio unaoonyesha kwamba kila mmoja ameshikwa. Fitina huzaliwa miaka 20 baadaye, wajukuu wanapokutana mahakamani kwa sababu ya kikao kilichokuwa kimetulia mno.

Tufanye nini

Kwanza, ukiitwa, hesabu watu kabla ya kuhesabu ng'ombe. Andika kila mrithi: wazazi wa marehemu walio hai, wake, watoto wote wa kila mama, waliopo na walio mbali. Hata mimba huhesabiwa. Mafakihi wamezungumzia mrithi aliye tumboni, kwamba ama mgawo usubiri azaliwe, ama fungu lake liwekwe akiba. Ikiwa asiyeonekana anasubiriwa, vipi aliyeketi karibu na mlango?

Pili, fuata mpangilio. Katika aya ya 11 na ya 12 za Suratun Nisaa, Mwenyezi Mungu amerudia mara nne kwamba mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Gharama za maziko, madeni, wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Mwenye kisu anaingia mwisho.

Tatu, tenganisha mila na mirathi. Katika koo nyingi hapa kwetu husimikwa mrithi wa ukoo anayebeba jina la marehemu na kuangalia familia. Hilo ni jukumu. Halimpi kibanja chote. Mwenye kuchukua jukumu la mayatima kisha akala mali yao, Suratun Nisaa aya ya 10 imemweleza anachokijaza tumboni mwake, na ni moto.

Nne, kusubiri si kulala. Ile seli inayosema "bado" haikukaa bure. Kamba zake zinapapasa muda wote hadi aliyebaki ashikwe. Kuna mali ambazo hazijagawanywa kwa miaka mingi kwa kisingizio cha kumsubiri fulani, huku mtu mmoja anapokea kodi ya nyumba kila mwezi. Subira ya namna hiyo ni dhuluma iliyovaa kanzu. Kama anasubiriwa mtu, apigiwe simu leo. Kama unatakiwa uthibitisho, utafutwe wiki hii.

Tano, jifunze faraidhi sasa, ukiwa bado hujafiwa. Elimu hii haitaki zaidi ya hesabu ya sehemu uliyoifanya shule ya msingi pamoja na aya chache. Masheikh wapo na vipindi vipo msikitini. Dada zangu hasa, msiwaachie wanaume peke yao elimu inayotaja mafungu yenu kwa jina.

Uboho wa mifupa yako hutoa takriban chembe nyekundu za damu milioni 2 kila sekunde, na zote zinatokana na seli zilizogawanyika. Ulipokuwa unasoma ukurasa huu, kamba zimerushwa, zimeshika, zimesubiri aliye wa mwisho, ndipo zikagawa. Ndani ya mwili wako haki hiyo inatendeka bila wewe kuiamuru. Inayobaki mikononi mwako ni ile ya nje, nayo ndiyo utakayoulizwa.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa miongoni mwa wanaofikisha amana kwa wenyewe. Uzifanye ndimi zetu nyepesi kuwatetea wajane na mayatima, na mikono yetu mizito kugusa kisichokuwa chetu. Warehemu wazazi wetu waliotangulia, na uyafanye waliyoyaacha kuwa baraka kwa warithi wao wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.